Mabondia Waliojimaliza na Waandishi Wavivu

Ndugu msomaji, leo naanza kwa kujisema mwenyewe, nisije nikaambiwa nyani haoni kundule.

Mwaka jana niliandika sura moja ya riwaya ambayo nimekuwa nikihangaika nayo tangu nimalize kidato cha nne. Bondia wangu, kijana wa Manzese, anatwaa mkanda ukurasa wa 90. Ukurasa wa 91 ana pesa. Ukurasa wa 92 ana gari, ana wanawake wanne na chupa haimtoki mkononi. Ukurasa wa 93 amelala mtaroni, nzi wanamtua usoni. Niliwasomea wenzangu kwenye kikao chetu cha Jumamosi. Walipiga makofi. Mmoja akasema, "Hapo umemaliza, mshikaji. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu." Nikarudi nyumbani kichwa kimevimba.

Kesho yake nikampelekea mzee mmoja anayefundisha vijana ngumi mtaani kwetu. Alinisikiliza huku anamfunga bendeji mikononi kijana wake. Nilipomaliza hakupiga makofi.

"Mwanangu," akaniuliza, "huyu alianza lini kutoamka?"

"Kutoamka kivipi, mzee?"

"Kukimbia. Bondia anaamka saa kumi na moja alfajiri. Huyu wako iko siku ya kwanza hakuamka. Siku hiyo iko ukurasa gani?"

Haikuwepo. Nilipekua karatasi zangu mbele yake kama mtu aliyepoteza nauli, na sikuiona.

Tangu siku ile nimezisoma upya hadithi zetu, zangu na za wenzangu, zile zinazohusu bondia, mwanamuziki au mchezaji mpira aliyeanguka. Zote zimetoka kwenye kalibu moja kama matofali: kipaji, umaarufu, pesa, wanawake, pombe, mtaro. Mwisho tunapachika muhuri, "Alijimaliza mwenyewe." Hoja yangu ni kwamba sentensi hiyo tunaitumia kufunga hadithi mahali ambapo hadithi ndiyo kwanza inaanza. Mwandishi anayeiweka mwisho amekwepa kazi.

Hebu tuache ya kubuni, tuangalie ya kweli. Nitatoa mfano wenye mabondia wawili ndani ya ulingo mmoja, na wote wawili kila kijiwe kinasema walijimaliza.

Tarehe 11 Julai 1996, ukumbi wa Madison Square Garden, New York. Kona hii yuko Riddick Bowe, Mmarekani wa Brownsville, Brooklyn, mtaa uleule aliokulia Mike Tyson. Kona ile yuko Andrew Golota wa Poland. Wote walipata medali kwenye Olimpiki ya Seoul 1988, Bowe fedha na Golota shaba. Bowe alishakuwa bingwa wa dunia. Alimshinda Evander Holyfield Novemba 1992, na mwezi uliofuata, badala ya kupigana na Lennox Lewis kama alivyotakiwa, akautupa mkanda wa WBC kwenye pipa la taka jijini London mbele ya waandishi wa habari. Baada ya mwaka mmoja alirudiana na Holyfield akiwa ameongezeka uzito, akapigwa kwa pointi. Usiku huu wa Golota amepanda na pauni 252, yaani kilo 114 hivi. Alikuwa hajawahi kupanda ulingoni mzito namna hiyo. Hakuhitaji msemaji, tumbo lenyewe lilisema hakufanya mazoezi.

Golota alimchapa. Alimchapa sawasawa, kwa ngumi ya kushoto iliyonyooka na mchanganyiko wa haraka ambao huutegemei kwa mtu wa umbo lile. Majaji wote watatu walikuwa wamempa uongozi. Lakini kila alipokuwa anashinda, ngumi zake zilishuka chini ya mkanda. Refa akamwonya, akamkata pointi, akamkata tena, akamkata mara ya tatu. Raundi ya saba akashusha nyingine na refa akamwondoa mchezoni. Ukumbi ukalipuka, viti vikarushwa, polisi wakaingia.

Sasa sikiliza kimbembe. Desemba mwaka uleule walirudiana Atlantic City. Bowe safari hii amepungua. Golota akamwangusha mara mbili na akawa anaongoza tena. Na tena, raundi ya tisa, akashusha mfululizo wa ngumi chini ya mkanda, akaondolewa. Mapambano mawili alikuwa anayashinda, yote mawili akayatoa kwa mkono wake mwenyewe.

Hapa hakuna pombe. Hakuna mwanamke aliyemwekea dawa kwenye chai. Hakuna hata pesa nyingi za kumlevya, maana alikuwa bado anazitafuta. Kalibu letu lote halina nafasi ya Golota. Mwandishi atakayemwandika atalazimika kujiuliza swali gumu: ni nini kinachomkuta mtu pale anapoona mlango aliougonga maisha yake yote unafunguka? Mimi sijui. Ila najua kuwa riwaya iko hapo, na haipo mtaroni.

Wapo watakaosema, "Si woga tu huo?" Haya, tuendelee naye. Novemba 1999 alimwangusha Michael Grant mara mbili raundi ya kwanza, akaongoza pambano mpaka raundi ya kumi, akaanguka yeye, akainuka, refa akamuuliza kama anataka kuendelea, akakataa. Oktoba 2000 alipigana na Tyson, na baada ya raundi ya pili akagoma kuendelea. Watazamaji walimrushia vinywaji akiwa anatoka. Baadaye madaktari walikuta mfupa wa shavu umevunjika. Na pambano lenyewe likafutwa matokeo, kwa kuwa Tyson alikutwa na bangi mwilini.

Kwa hiyo wale waliokuwa wanamrushia soda walikuwa wanamrushia mtu aliyevunjika mfupa usoni. Je, usiku ule alijimaliza au alijiokoa?

Kabla hujanijibu, nikukumbushe bondia wa hapa kwetu Afrika Mashariki. Seoul hiyohiyo ya 1988, wakati Bowe na Golota wanapewa fedha na shaba, Robert Wangila wa Kenya alipewa dhahabu ya uzani wa welter, baada ya kumwangusha Mfaransa Laurent Boudouani fainali. Wangila alihamia ngumi za kulipwa. Julai 1994 alipigana Las Vegas na David Gonzales, pambano likasimamishwa raundi ya tisa, na baada ya siku mbili akafariki kwa majeraha ya kichwa. Huyu hakuna anayesema alijimaliza. Huyu tunamwita shujaa, na ni haki yake. Lakini tuweke mizani sawa. Hatuwezi kumwita mmoja shujaa kwa kuwa ulingo ulimuua, halafu mwingine tukamwita mwoga kwa kuwa alitoka akiwa hai. Sisi tunaoandika tumekaa kwenye kiti, shavu zima, chai iko pembeni.

Na Bowe je? Mwaka 1998 alimteka mke wake waliyekuwa wametengana, pamoja na watoto wao watano, na akaishia kifungoni. Mawakili wake waliieleza mahakama kwamba ubongo wake ulikuwa umeumizwa na ngumi. Unaweza kulikubali hilo au kulikataa, lakini kwa mwandishi linageuza meza. Siku zote tumeandika kwamba tabia mbaya ndiyo iliyoharibu ngumi za bondia. Je, kama ngumi ndizo zilizoharibu tabia? Kipi kilitangulia, yai au kuku? Ukijibu kabla ya kuandika umeshaandika hotuba, si hadithi.

Nakuja kwa Tyson, kwa sababu ndiye anayenisumbua zaidi. Picha yake ipo ukutani kwa kinyozi wangu, imepauka, karibu na bei za kunyoa. Kisa chake kila mtu anacho mdomoni. Mzee Cus D'Amato alimlea na kumfundisha, akafa Novemba 1985. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 22 Novemba 1986, kijana akawa bingwa wa dunia wa uzani wa juu akiwa na miaka 20. Februari 1990 akapigwa na Buster Douglas kule Tokyo, mtu ambaye hakuna aliyemtegemea. Mwaka 1992 akafungwa. Pale kwa kinyozi nimesikia mara nyingi jinsi wanavyolifupisha hilo la mwisho: "Demu alimponza."

Jamani. Tyson alipatikana na hatia ya kumbaka msichana wa miaka 18. Alihukumiwa miaka sita, akatumikia mitatu hivi, akatoka Machi 1995. Mwenyewe amekana siku zote, lakini hiyo ndiyo hukumu ya mahakama. Sasa tazama kinachofanywa na neno letu tamu "alijiharibia". Linamtoa msichana kwenye hadithi. Aliyeumizwa anakuwa bondia, kilichoharibika kinakuwa mkanda, na yule binti anabaki kama ganda la ndizi ambalo mkubwa aliteleza juu yake.

Nilipofika hapo nikakumbuka wanawake wangu wanne wa ukurasa wa 92. Hakuna hata mmoja niliyempa jina. Hakuna anayesema neno. Kazi yao ni kuvaa nguo fupi na kumaliza pesa ili bondia wangu apate sababu ya kuanguka. Nikaona aibu, na sioni aibu kusema niliiona. Dada mmoja kwenye kikao chetu, mwandishi mzuri kuliko wengi wetu, hakupiga makofi Jumamosi ile. Nilidhani ana wivu.

Sasa msomaji ataniuliza, basi tuandikeje? Nitakutajia kitabu kimoja. Nilikipata kwenye vitabu vya mitumba, jalada limechanika. Kinaitwa Fat City, cha Mmarekani Leonard Gardner, kilitoka mwaka 1969, na kiko Stockton, California. Humo yupo Billy Tully, bondia anayekaribia miaka 30, mke ameondoka, siku anashinda mashambani kwenye vitunguu kwa ujira wa kutwa, jioni anakunywa. Pombe ipo, basi, wala sikatai. Tofauti ni kwamba Gardner haileti pombe kama askari wa kuja kumkamata mkosaji. Inakuja taratibu, na kiu, na uchovu wa mgongo, na chumba ambacho hakuna anayekusubiri.

Kilichonimaliza ni hiki. Tully anarudi ulingoni na anashinda! Mwandishi kama mimi angefunga hapo kwa vigelegele, au angempigisha ili tupate funzo. Gardner anamshindisha, halafu anatuonyesha kwamba ushindi haukumsaidia kitu. Na yule aliyepigwa, Mmeksiko Lucero, naye tunaonyeshwa: amekuja peke yake kwa basi, ni mgonjwa. Anayeshinda amempiga mgonjwa mwenzake. Hakuna sentensi hata moja inayotuambia tumhukumu nani. Nilikifunga kitabu nikakaa kimya, kisha nikafungua tena mwanzo.

Kina kasoro, nisije nikakisifu kama bidhaa ya mchuuzi. Wanawake wa humo nao wanaangaliwa zaidi na macho ya wanaume kuliko wanavyojiangalia wenyewe, na katikati kuna kurasa zinazozunguka palepale. Lakini alfajiri zake zipo. Ukimuuliza Gardner siku ipi mtu wake hakuamka, atakupa ukurasa.

Nilirudi kwenye ukurasa wa 90. Kwa wiki mbili niliandika alfajiri moja tu. Mama yake bondia yuko uani anachoma vitumbua vya kuuza. Mvua inapiga bati. Yeye amelala macho wazi, anasikia wenzake wakimpigia mluzi dirishani, na hajibu. Wanaondoka. Anajiambia ni mvua. Kesho yake haikunyesha, na hakuamka vilevile. Bado sijui kwa nini, na nimeapa sitamsingizia pombe mpaka nijue. Riwaya imerudi nyuma kurasa kumi na tatu. Mwanamke mmoja amepata jina, wale watatu wameondoka.

Wenzangu tunaochipukia, sisemi tuache kuandika kuanguka. Kuanguka kupo, tunakuona mitaani kwetu kila siku, na wengine tunakuogopa sana kwa kuwa tunajijua. Mimi mwenyewe riwaya hii nimeianza mara tatu, na mara zote niliiacha pale ilipoanza kuwa nzuri. Labda ndiyo maana Golota ameniganda akilini. Ninachoomba ni tukichelewe kidogo kile kidole chetu cha kuhukumu. Tuulize saa, tuulize hali ya hewa, tuulize nani mwingine aliumia chumbani mle.

Sura mpya nitaisoma kikao kijacho. Nimemwomba yule dada aseme wa kwanza. Na kama kuna anayeona nimepotoka, kurasa hizi ziko wazi, anijibu. Ila asinipige chini ya mkanda.