Bani, Kuni na Daftari la Mkulima

Katika miaka yangu ya kukagua mazoezi ya kufundisha, nilizoea kukaa nyuma ya darasa nikiwa na andalio la somo mkononi. Andalio lilikuwa na safu zake: muda, hatua, kazi ya mwalimu, kazi ya mwanafunzi, na mwishoni kabisa tathmini na maoni. Wengi wa wanachuo walijaza safu za mwanzo kwa hati ya kupendeza, lakini ile ya mwisho waliiacha wazi, au waliandika "somo limeeleweka" kabla hata kengele haijalia. Nami niliwaambia kila mara: somo halimaliziki mwalimu anapofuta ubao, humalizika mwanafunzi anapoweza kulitumia akiwa peke yake.

Sasa nimestaafu na sina darasa la kukagua, ila tabia ya ukaguzi haijanitoka. Hapa Ulyankulu kuna somo ambalo wataalamu wamelifundisha kwa miaka mingi, nalo ni namna ya kukausha tumbaku bila kuumaliza msitu. Ni somo la kilimo, la uhandisi wa nishati na la biashara ndogondogo kwa wakati mmoja. Naomba ruhusa ya msomaji nikae nyuma ya darasa hilo, nisome andalio lake kwa haki, kisha nijaze safu ya mwisho.

Kwa asiyelijua bani, nieleze kidogo. Tumbaku ya mvuke haiuzwi mbichi, wala haitoshi kuianika juani. Majani hufungwa kwenye vijiti na kutundikwa ndani ya bani, yaani nyumba ya tofali iliyozibwa vizuri, ambamo joto la tanuri hupita kwenye mabomba bila moshi kuyagusa majani. Kwanza joto huwa la kiasi, nyuzi 35 hadi 38 hivi, ili jani ligeuke njano. Kisha hupandishwa polepole jani likauke, na mwisho hufikishwa karibu nyuzi 70 ili mshipa wa katikati nao ukauke. Kazi hiyo huchukua siku 6 au 7, usiku na mchana. Moto ukilegea, rangi huharibika; ukizidi, jani huungua. Na huko sokoni mteuzi hana huruma: rangi ikiharibika daraja hushuka, na daraja likishuka deni la pembejeo halishuki pamoja nalo. Ndiyo maana mkulima huogopa moto kuzimika kuliko anavyoogopa msitu kwisha. Hasara ya moto huonekana asubuhi inayofuata. Hasara ya msitu huonekana kwa wajukuu.

Tusisahau jinsi tumbaku ilivyofika kwetu. Ulyankulu ilikuwa sehemu ya Urambo hadi wilaya ya Kaliua ilipoanzishwa mwaka 2012, na Urambo ni moja ya sehemu tatu, pamoja na Kongwa na Nachingwea, zilizopokea ule mradi mkubwa wa karanga wa Serikali ya Uingereza. Mwaka 1946 John Wakefield na wenzake wawili walizunguka nchi kwa wiki 9, wakarudi na pendekezo la kulima zaidi ya ekari milioni 3. Kazi ilianza mwaka 1947. Yaliletwa matrekta yaliyochakaa vitani, na mashine nyingine zilitengenezwa kutokana na vifaru. Kule Kongwa udongo wa kiangazi uligeuka mgumu kama saruji, karanga zikanasa ardhini. Mwaka 1951 mradi ulifutwa, baada ya kumeza zaidi ya pauni milioni 35. Katika mabaki yake ndipo tumbaku ilipojengewa makao hapa Urambo katika miaka ya 1950.

Kosa la mradi ule hutajwa kila mara kwamba ulitangulia utafiti. Walikwenda kulima kabla ya kupima udongo na mvua. Ni kweli, na somo hilo tulilishika: tukajenga vituo, tukasomesha vijana wetu, tukapima. Lakini naona tulishika nusu yake tu. Nusu ya pili ni kwamba hata kipimo sahihi kinaweza kumkosa mtu anayepimiwa.

Nichukue mfano ninaouheshimu. Kituo cha Tumbi, nje kidogo ya mji wa Tabora, ambacho sasa kiko chini ya taasisi ya utafiti wa kilimo, TARI, kilifanya kazi na kituo cha kimataifa cha kilimo-mseto, ICRAF, juu ya mashamba ya miti ya mzunguko. Wazo lenyewe ni zuri kwa urahisi wake. Mkulima anapanda miti inayokua haraka, hasa Acacia crassicarpa yenye asili ya Australia na Papua New Guinea, pamoja na mahindi yake. Miaka 2 au 3 ya mwanzo anavuna mahindi kati ya miti; halafu anaiacha miti ijifunge; mwaka wa 5 anakata kuni za bani lake, na kurudisha mahindi kwenye udongo uliopumzika. Mwaka 2002 watafiti Ramadhani, Otsyina na Franzel walichapisha hesabu zao za wilaya ya Tabora, zikionyesha kwamba njia hiyo humlipa mkulima kuliko kulima mahindi na kuliacha shamba lilale.

Kama lingekuwa andalio la somo, ningelipa alama za juu. Hawa hawakuishia kwenye urefu wa mti. Walihesabu fedha na nguvu kazi pia. Aidha, waliufanyia majaribio kwenye mashamba ya wakulima wenyewe. Basi kwa nini ukitembea leo kutoka barabara ya 13 hadi ng'ambo ya mto, unakutana na mikokoteni ya magogo ya miyombo mara nyingi kuliko shamba moja la miti ya mzunguko?

Jibu nililipata kwa jirani yangu, mzee aliyefika hapa akiwa kijana mwaka 1972, alipoyakimbia mauaji ya Burundi. Nilimweleza mzunguko wa miaka 5 kwa ufasaha wote wa mkuu wa chuo mstaafu. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akasema: "Mwalimu, mti wa miaka mitano ni wa mtu mwenye miaka mitano."

Sikumwelewa mara moja, kwa kuwa nilidhani anazungumzia uzee wake. La hasha! Alizungumzia historia ya makazi yetu. Yalifunguliwa mwaka 1972. Kuanzia mwaka 1978 sehemu ya watu ilihamishiwa Mishamo, kwa kuwa maji na ardhi havikuwatosha. Mwaka 2010 maombi ya uraia ya watu zaidi ya 160,000 wa makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo yalikuwa yamekubaliwa, lakini kwa mpango uliowataka waondoke na kutawanyika mikoa mingine. Vyeti vilianza kutolewa Oktoba 2014, na ndipo ilipoeleweka kwamba watabaki walipo. Hesabu mwenyewe, msomaji: ni miaka mingapi mtu wa hapa alilala akijua atavuna alichopanda baada ya misimu 5? Mtaalamu alimwona jirani yangu hapandi miti akamwandika "mgumu wa kupokea mabadiliko". Kumbe mwenzake alikuwa amepiga hesabu sahihi kuliko yeye. Mti ulipimwa urefu, unene na uzito wa kuni. Uhakika wa mpandaji haukuwa na safu.

Mfano wa pili ni tanuri lenyewe. Wahandisi wametuletea tanuri lililotokana na kanuni za jiko la roketi, alizozianzisha Larry Winiarski wa Marekani katika miaka ya 1980. Chumba cha moto kina umbo la kiwiko, kimezungushiwa tofali nyepesi. Udongo huchanganywa na pumba za mbao, na tofali likichomwa pumba huungua na kuacha vitundu vinavyozuia joto lisipotee. Kuni huwa nyembamba na kavu, hewa hupita chini yake, moshi nao huungua badala ya kutoka bure. Sina ugomvi na elimu hiyo. Niliijaribu mwenyewe.

Nilimsaidia kijana wangu, mtoto wa mdogo wangu, kujenga bani la namna hiyo. Msimu wa kwanza rundo la kuni lilipungua waziwazi, nikatamba kijijini kama niliyelivumbua mimi. Msimu wa pili nikamkuta amebomoa mdomo wa tanuri na kuupanua upokee magogo mazima. Nilikasirika. Akaniambia, "Baba mkubwa, usinione mjinga. Kuni zimepungua kweli, lakini usingizi nao umekwisha. Bani la zamani nilisukuma magogo mawili saa nne usiku nikalala. Hili linataka vijiti kila mara, na vijiti lazima vipasuliwe. Nani atavipasua?"

Hapo ndipo nilipoona kasoro ya kipimo. Ubora wa tanuri hupimwa kwa kilo ngapi za kuni zimekausha kilo moja ya tumbaku. Ni kipimo cha haki, lakini ni cha msitu. Mkulima ana vipimo vingine viwili: usiku ngapi wa kukesha, na shilingi ngapi za kutoa mfukoni. Kuni za msituni hazimgharimu fedha, zinamgharimu ng'ombe, mkokoteni na jasho. Mabomba ya bati na saruji ya tanuri jipya yanataka fedha taslimu. Tena yanataka fedha hiyo kati ya Agosti na Oktoba, wakati wa kujenga na kukarabati, ilhali soko hufunguliwa baada ya mavuno ya masika. Kwa hiyo aokoe kitu asichokilipia, kwa kutumia fedha asiyokuwa nayo, katika miezi ambayo hana kitu. Mwanafunzi wa darasa la saba angeona kwamba hesabu hiyo haifungi.

Sisemi haya kuwakebehi wataalamu. Kasoro si ya akili zao bali ya mipaka ya ofisi zao. Mtaalamu wa miti anamaliza kazi mti unapokua. Mhandisi anamaliza moto unapowaka vizuri. Mshauri wa biashara anafundisha kutunza vitabu vya hesabu, na hajawahi kuingia ndani ya bani. Kila mmoja amefaulu somo lake. Lakini mkulima ni mtu mmoja, ana daftari moja, na ndani yake mti, moto na deni vimeandikwa kwenye ukurasa uleule.

Je, yapo mafanikio ya kuiga? Yapo, na hayako mbali. Jirani zetu wa Shinyanga, katika mpango wa HASHI ulioanza mwaka 1986, walianza na miche na vitalu kama kila mtu. Baadaye wakauona utaratibu wa Wasukuma wa ngitili, yaani eneo la malisho linalofungwa mvua zinapoanza ili nyasi zipatikane kiangazi. Wakaujenga juu ya huo. Visiki na mizizi iliyokuwa hai ardhini ikachipua, na mamia ya maelfu ya hekta yakarudi kuwa na miti. Siri yake ni kwamba aliyefunga ngitili alijua ni yake au ya kijiji chake, na alivuna nyasi, kuni na dawa kila mwaka bila kungoja mwaka wa 5.

Miyombo yetu nayo huchipua kutoka kwenye kisiki ikilindwa na moto na jembe, wakati ule mti wa Australia ukikatwa hauchipui vizuri, hudai miche mipya. Na msitu uliosimama hapa Tabora una biashara yake tayari, asali, ambayo babu zetu waliipakia kwenye misafara. Ningependa utafiti unaoanza na kisiki kilichopo, mzinga uliopo na hati ya ardhi iliyopo, kisha ndipo uulize mti gani uongezwe. Ningependa tanuri ambalo fundi wa Ulyankulu anaweza kulijenga kwa udongo wa Ulyankulu na kulipwa baada ya soko, ili kuokoa kuni kuwe pia riziki ya mtu. Na ningependa ripoti zieleze matanuri mangapi yalibomolewa, na kwa nini, kama vile daktari anavyoandika wagonjwa waliorudi.

Nimalize kwa kujijazia mwenyewe safu ya maoni. Nilipokuwa mkuu wa chuo niliagiza majiko sanifu yajengwe jikoni kwetu. Nilisimama mbele ya wanachuo nikasifu sayansi, nikawaonyesha mahesabu ubaoni. Baada ya muda mfupi wapishi walikuwa wamerudi kwenye mafiga, na mimi nikawaita wavivu mbele ya watu. Sikupata kuwauliza. Mwaka jana, mbele ya lile bani lililobomolewa mdomo, ndipo nilipokumbuka: sufuria zetu zilikuwa kubwa kuliko midomo ya majiko yale, na kuni zililetwa magogo, wala sikumwajiri mtu wa kuzipasua. Wawili kati ya wapishi wale wameshatangulia mbele ya haki. Kwa waliobaki, na kwa kijana wangu, naandika hapa kile nilichopaswa kukiandika siku ile: somo halikueleweka, na kosa lilikuwa la mwalimu.