Siwa Haipigwi Tena

Makumbusho ya Lamu yanapendeza, na hapo ndipo shida yangu inapoanzia. Jengo lenyewe ni la karne ya 19, limeikabili bahari. Wakoloni Waingereza walilitumia kwa kazi zao za serikali. Tangu 1971 ni makumbusho, na msimamizi wake wa kwanza alikuwa James de Vere Allen. Ndani kuna viti vya enzi, vito vya fedha, vyombo vya kauri na milango ya nakshi.

Ila waliotoka mbali wengi huenda kuona siwa mbili. Ya Pate ni ya pembe ya ndovu, ya Lamu ni ya shaba. Zote hupulizwa kwa ubavuni. Ukizitazama unasema, mashallah, fundi alikuwa fundi. Sawa. Lakini siwa haikutengenezwa itazamwe. Ilikuwa sauti ya mamlaka: ilipulizwa mtawala akitawazwa, ikapulizwa kwenye arusi na tohara za waungwana. Waungwana, sio kila mtu. Mtumwa aliweza kuisikia mji mzima ukitetemeka, na akajua haitalia kwa ajili ya mwanawe hata siku moja.

Ndio maana neno "mapambo" halinitoshi. Chukua zidaka, zile rafu za lipu iliyochongwa, safu juu ya safu, kwenye kuta za nyumba za mawe. Siku hizi hoteli zinazinakili kwa watalii, kwani zinapigwa picha vizuri. Zamani zilikuwa zinamwambia mgeni huyu ni nani na yule si nani. Na ile chokaa nyeupe? Kuna mtu aliyebeba matumbawe kutoka baharini, akayachoma, akayaponda. Hadi 1907, utumwa ulipofutwa kisheria pwani ya Kenya, mara nyingi mtu huyo hakuwa huru.

Sisemi vitu vifichwe, jamani. Nasema tu chumba cha bibi arusi kilichojaa hariri na kauri kinasimulia upande mmoja wa nyumba. Yule aliyekifagia alilala wapi? Aliazima nini siku ya arusi yake? Wanawake wa Lamu walikuwa na vugo, pembe zinazogongwa kwa kijiti huku wakiimba. Pembe ya ng'ombe haina nakshi na haivutii macho. Mimi ningeiweka papo hapo kando ya siwa, kwenye kabati moja.