Mshale Unajua Nini? Kusoma Dashibodi ya Ndege Isiyoruka

Darasani tunafundishwa kuiuliza hadithi swali moja kabla ya mengine yote: nani anasimulia, na anajua kiasi gani? Msimulizi maizi anaingia kila chumba, anasoma mioyo ya wahusika na anaijua kesho yao. Msimulizi mwenye mipaka anajua alichokiona na alichosikia tu, na wakati mwingine hata hicho alichokiona si kweli. Tumezoea kuliuliza swali hili kwa riwaya. Mimi nataka kuliuliza kwa kitu ambacho wengi hawakihesabu kuwa matini: dashibodi ya ndege ndani ya simyuleta ya nyumbani, hasa ile ambayo mtumiaji ameichora na kuipanga upya mwenyewe.

Nazungumzia FlightGear, simyuleta ya bure ambayo watu wa kujitolea wamekuwa wakiijenga tangu miaka ya 1990. Ukiifungua bila kubadili chochote unakutana na Cessna 172P, ndege ndogo ya injini moja yenye saa za mishale. Mbele ya rubani zimepangwa saa sita za msingi: ya kasi, ya upeo bandia, ya mwinuko ambayo ndiyo altimita, ya mgeuko, ya uelekeo, na ya kupanda na kushuka. Kwa sisi wenye laptopu za skrini ndogo, tatizo linajitokeza mapema. Ukitazama nje, namba za saa hazisomeki. Ukizisogelea saa, anga inapotea. Ndiyo maana watu hujitengenezea dashibodi zao. Mmoja anazikuza saa na kuzitandaza nusu ya chini ya skrini. Mwingine anazihamishia kwenye tableti kuukuu kwa Wi-Fi. Mwingine anakata plaiwudi, anatoboa matundu sita ya duara, kisha anaficha skrini nyuma yake hadi mgeni akiingia chumbani anashtuka.

Kazi hii inastahili uhakiki kwa sababu saa hizo zimeandikwa. Katika dashibodi bapa ya FlightGear, saa moja ni faili la maandishi ambalo yeyote anaweza kulifungua. Faili linataja picha ya uso wa saa, linataja picha ya mshale, halafu linatoa agizo: chukua thamani fulani, uzungushe mshale kwa kiasi chake. Kwa kuwa nafasi kati ya namba za saa ya kasi hazilingani, mwandishi anaongeza jedwali dogo linaloeleza kila kasi iwe na pembe gani. Uso nao una lugha yake. Kwenye Cessna 172P tao jeupe linaanza noti 33 hadi 85, eneo ambalo flapu zinaruhusiwa kushushwa zote. Tao la kijani ni 44 hadi 127. La njano linaendelea hadi 158, na hapo pana mstari mwekundu ambao ndege haipaswi kuuvuka kamwe. Mtu anayezikoleza rangi hizi, anayekuza tarakimu, au anayepunguza mng'ao ili usiku zisomeke, anafanya kazi ya mhariri. Hii ni fani, na kwa upande wa fani sina ugomvi na mtu.

Neno zito katika agizo lile ni "thamani fulani". Thamani ipi? Ndani ya simyuleta kuna kweli mbili. Upo ukweli wa ulimwengu wenyewe: kompyuta inajua ndege iko futi ngapi na inaelekea wapi, kwa sababu yenyewe ndiyo iliyoiweka hapo. Halafu upo ukweli wa chombo: kile ambacho altimita au jairo, pamoja na kasoro zake, ingeonyesha kwa wakati huo. Waandishi wa FlightGear walijitaabisha kuziiga kasoro hizo. Saa ya uelekeo inategemea jairo linalozungushwa kwa mvuto wa pampu ya hewa. Pampu ikifa, saa nayo inaanza kupotea. Anayetengeneza dashibodi anachagua mshale wake uchukue neno kutoka upande upi. Ni mstari mmoja tu katika faili, na ukishaiona dashibodi kwenye skrini huwezi kuujua kwa macho. Lakini kwa mstari huo ameamua kama msimulizi wake ni maizi au ana mipaka.

Tuchukue altimita. Jina linatufanya tuamini kwamba inajua mwinuko, kumbe haijui. Inajua mgandamizo wa hewa, basi. Rubani ndiye anayeiambia mgandamizo wa siku hiyo ukoje kwa kuzungusha kitasa kidogo, na akikosea hektopaskali moja, mshale unakosea karibu futi 30. Ukiwa umeegesha Uwanja wa Wilson, Nairobi, ambao uko zaidi ya futi 5,500 juu ya usawa wa bahari, jambo la kwanza kabla ya kuruka ni kuangalia kama altimita inakubaliana na ardhi uliyoikanyaga. Hapo ndipo unaposhika mahali ambapo msimulizi wako anaweza kuwa amekosea, kabla hajaanza hadithi.

Tarehe 2 Oktoba 1996 Boeing 757 ya Aeroperú iliruka usiku kutoka Lima. Matundu ya kupimia mgandamizo yalikuwa yamezibwa kwa utepe wakati wa kuisafisha ndege, na utepe ukasahauliwa. Saa zikaanza kutoa habari zinazogongana. Marubani wakamwuliza mwongozaji wa chini mwinuko wao, naye akawapa namba. Tatizo ni kwamba rada yake ilikuwa ikiipokea namba hiyo kutoka kwenye vyombo vilevile vya ndege ileile. Ndege ilipogusa maji ya Pasifiki, altimita ya kapteni ilikuwa ikisoma karibu futi 9,700. Watu wote 70 walikufa. Kila aliyewahi kufuata tanbihi ya makala moja hadi nyingine, akakuta zote zinanukuu chanzo kimoja kibovu, ataelewa kilichotokea katika chumba kile.

Sasa irudie dashibodi ya nyumbani ambayo altimita yake imefungwa moja kwa moja kwenye ukweli wa kompyuta. Hata simyuleta ikiigiza matundu yaliyozibwa, mshale wake utaendelea kusema kweli. Dashibodi hiyo inapendeza. Haisumbui na haihitaji kitasa kuzungushwa. Na haina mahali popote ambapo habari ya Lima ingeweza kutokea.

Hoja ya wanaozipenda dashibodi za namna hii naijua, kwa sababu nimeisikia kwa sauti ya mtu ninayempenda. Binamu yangu wa kidato cha pili alikaa kando yangu wakati wa likizo, nami nikiwa natoka Zanzibar kwenda Dar es Salaam kwa dashibodi niliyoichora mwenyewe. Akaangalia saa ya kupanda na kushuka.

"Dada, mbona mshale huu unachelewa? Ndege imeshaanza kushuka, wenyewe ndio kwanza unajivuta."

Nikamwambia hauchelewi kwa uvivu. Unasubiri hewa ipenye kwenye tundu jembamba ndani ya saa. Hata katika ndege halisi saa hiyo huchukua sekunde 6 hadi 9 kabla ya kutulia kwenye namba sahihi.

"Si uurekebishe? Si wewe ndiye uliyeuchora?"

Swali ni zuri kuliko alivyodhani. Ningeweza. Ningebadilisha mstari mmoja, na mshale ungeshuka sambamba na ndege. Kwa nini mtu mwenye uwezo wa kuondoa kasoro aiache?

Jibu rahisi ni "kwa sababu ndege halisi iko hivyo," na jibu hilo halinitoshi. Uhalisia peke yake si sifa. Kuna riwaya zinazoiga maisha kwa uaminifu na bado hazisomeki. Jibu langu ni kwamba ule uchelewaji ndio unaozaa usomaji. Kwa kuwa mshale mmoja unachelewa, jicho linalazimika kwenda kwenye mwingine. Upeo bandia unaonyesha pua imeinama, kasi inaongezeka, altimita inaanza kupungua, ndipo saa iliyochelewa inathibitisha. Rubani anaifahamu hali ya ndege kwa kuzipitisha saa zote na kuzishuhudisha moja kwa nyingine, kama hakimu anayewasikiliza mashahidi sita ambao kila mmoja alisimama dirisha lake. Ukimfanya shahidi mmoja ajue yote, wengine watano wanakuwa mapambo, na jicho linalala.

Kulala kwa jicho si jambo la mezani tu. Usiku wa manane wa tarehe 5 Mei 2007, Boeing 737-800 ya Kenya Airways iliruka kutoka Douala, Kameruni, kwenda Nairobi ikiwa na watu 114. Nje kulikuwa na giza, hakuna upeo wa kuonekana. Ndege ikaanza kulalia upande wa kulia polepole. Ripoti ya uchunguzi ilisema kwamba wakati wa mlalo huo mrefu vyombo havikuwa vikipitiwa kwa macho, na ilitaja pia mkanganyiko kuhusu mtambo wa kuiendesha ndege yenyewe, uratibu hafifu kati ya marubani wawili, na kupotelewa na hisia ya upande upi ni juu. Ndege ilianguka kwenye kinamasi cha mikoko. Hakupona mtu.

Hapa hakukuwa na utepe wala tundu lililozibwa. Habari ya mlalo ilikuwa mbele yao, na msomaji hakuwapo. Tukio hili ndilo linalonizuia kuridhika na wazo kwamba chombo bora ni kile kinachojua zaidi.

Tena nyumbani kuna upungufu ambao hakuna plaiwudi inayoutibu. Ndege ikilala polepole sana, sikio la ndani halihisi. Mwili unamwambia rubani kwamba yuko sawa huku saa zikimwambia anaanguka. Ugumu wa kuruka gizani ni huo wa kuamini maandishi dhidi ya mwili wako mwenyewe. Mimi niko juu ya kiti cha plastiki ambacho hakijawahi kuinama. Mwili wangu hauna la kubishana na dashibodi. Kwa hiyo ubishi pekee uliobaki katika simyuleta ya mezani ni ule ulio ndani ya saa zenyewe: jairo linalohama kidogokidogo hadi ulisahihishe kwa dira, altimita inayotaka kuambiwa mgandamizo, mshale unaojivuta. Ukiuondoa huo nao, umebaki na picha nzuri inayokubaliana nawe kwa kila kitu.

Wapo watakaoniambia kwamba haya ni mambo ya saa za zamani, na kwamba ndege za sasa zina skrini. Ni kweli, lakini skrini nazo zina adabu yake. Garmin G1000, inayotumika kwenye Cessna nyingi za karne hii, inachora mstari mwembamba unaoonyesha kasi itakuwa ngapi baada ya sekunde 6 kama mambo yataendelea hivyo. Huyo ni msimulizi anayethubutu kukisia kesho. Lakini msimulizi huyohuyo, kifaa kinachompa habari kikifa, anachora alama kubwa nyekundu ya X juu ya sehemu hiyo. Anasema: hapa sijui. Nikifungua nakala ya skrini hiyo iliyotengenezwa nyumbani, kitu cha kwanza ninachokitafuta ni ile X. Ikiwa mtengenezaji alitumia wiki nzima kupata rangi ya zambarau iliyo sahihi na hakuiweka X, najua alikuwa anachora mapambo.

Sisemi kila mtu awe rubani. Kuna anayetaka tu kuiona Kilimanjaro kutoka juu baada ya siku ndefu, na hana deni kwa yeyote. Kuna mwenye macho hafifu anayehitaji tarakimu kubwa kuliko za kiwandani, na tarakimu zake zikue hadi zijaze skrini. Kukuza maandishi hakumfanyi msimulizi kuwa maizi. Mambo haya mawili yanachanganywa mno: wazi si sawa na kujua yote. Dashibodi inaweza kusomeka vizuri sana na bado ikakuachia kazi ya kupima inachokuambia.

Ninachowaomba wanaotengeneza na kugawa dashibodi zao ni kitu kidogo. Pamoja na picha na maelekezo ya kusakinisha, waandike kwa kila saa sentensi moja: mshale huu unachukua neno lake wapi. Mwandishi wa hadithi hadaiwi sentensi hiyo, maana tunaweza kumgundua msimulizi wake kwa kusoma. Mwandishi wa dashibodi anadaiwa, kwa kuwa mstari wake umefichika nyuma ya uso mzuri wa saa. Akishaiandika, anayetaka mshale unaojua yote atauchukua akiwa anajua alichochukua, na binamu yangu, ambaye siku hizi ananiomba laptopu mara kwa mara, atajua ni saa ipi ya kuishuku kwanza.