Njia ya Farasi, Miguu ya Mbwa

Mwezi Aprili 1805 kijana mmoja wa Manchester, Charles Gough, aliondoka bonde la Patterdale, kaskazini-magharibi mwa England, akielekea Grasmere. Kati ya sehemu hizo mbili umelala mlima Helvellyn. Gough alibeba vifaa vya kuvulia samaki, na mwenzake wa safari alikuwa mbwa wake jike, Foxie. Hakufika. Mwezi Julai mchungaji wa kondoo alimkuta Foxie angali hai karibu na ziwa dogo la Red Tarn, chini ya magenge, na mifupa ya bwana wake ikiwa papo hapo.

Washairi Wordsworth na Walter Scott, kila mmoja kivyake, walitunga mashairi juu ya uaminifu wa mbwa yule, na mwaka 1829 mchoraji Edwin Landseer naye akachora picha yake. Gazeti moja la Carlisle lilikuwa limedai kinyume chake kabisa, kwamba mbwa alimla bwana wake. Tangu hapo watu wamejadili moyo wa Foxie kwa zaidi ya miaka mia mbili. Miguu yake hakuna aliyeiuliza. Lakini kwa mtu anayefunga kamba za viatu alfajiri ya Januari katika kijiji cha Glenridding, chini ya mlima huo, huku mbwa akimzunguka kwa furaha, swali la miguu ndilo la kwanza: mnyama huyu apitishwe wapi?

Helvellyn una kimo cha mita 950. Nairobi iko juu karibu mara mbili ya hapo, na msomaji aliyeiona Kilimanjaro anaweza kushangaa kwa nini kilima hiki kiitwe mlima. Jibu liko katika latitudo ya nyuzi 54 kaskazini, katika upepo wa Atlantiki unaokuja bila kizuizi kikubwa, na katika kazi iliyofanywa na barafu zamani. Upande wa mashariki barafu ilichimba bonde lenye umbo la beseni, ikaacha kingo mbili nyembamba za mawe, Striding Edge kusini na Swirral Edge kaskazini. Kingo hizo zimelikumbatia ziwa la Red Tarn kama mikono miwili, na maji yake yako mita 718 juu ya usawa wa bahari. Upande wa magharibi barafu haikuchonga hivyo. Huko ni mteremko mpana wa nyasi unaoshuka hadi ziwa Thirlmere, ambalo tangu 1894 linapeleka maji Manchester, mji ule ule alikotoka Gough.

Mlima huu, basi, una sura mbili, na karibu kila uamuzi wa siku ya theluji unatokana na hizo sura mbili.

Upepo wa huko kwa kawaida huvuma kutoka kusini-magharibi. Hufagia theluji ya mteremko wa Thirlmere na ya kileleni, kisha huitupa upande wa pili, juu ya Red Tarn. Theluji hiyo hujijenga ukingoni kidogo kidogo mpaka ikatokeza hewani kama kibaraza kisicho na nguzo. Aliye juu hawezi kujua jiwe limeishia wapi na kibaraza kimeanzia wapi. Chini yake mteremko una ukali wa nyuzi 30 hadi 45 katika sehemu nyingi, na huo ndio mwinuko ambapo theluji hupenda kuporomoka.

Sasa itazame Striding Edge, njia maarufu kuliko zote, kwa macho ya mwenye mbwa. Karibu na mwisho wake upande wa kilele kuna ngazi ya jiwe ambapo mpandaji hugeuka, akashika kwa mikono na kujishusha mita chache. Kiangazi mbwa wengi huepushwa na jiwe hilo kwa kupita kinjia cha chini kidogo, upande wa ziwa. Wakati wa baridi kinjia hicho hufunikwa, kikawa uso mmoja ulioinama, na chini yake ni ziwa. Halafu unabaki mwinuko wa mwisho kuelekea kileleni, ambao unapita pale pale theluji ya kibaraza inapolundikana.

Binadamu anazo dawa za hali hiyo: njumu za chuma chini ya viatu, ambazo wapandaji huziita kramponi, na shoka la barafu mkononi. Kucha za mbwa hushika vizuri theluji laini, lakini hazishiki barafu ngumu, wala hana mkono wa kumzuia akianza kuteleza. Ukimfunga kamba kiunoni mwako, kilo 25 za mbwa anayeporomoka zitakuvuta ukiwa umesimama kwenye upana wa meza. Ukimfungua, atafuata harufu au kunguru mpaka juu ya kibaraza. Hakuna ustadi unaolimaliza tatizo hilo. Kwa maoni ya mwandishi huyu, theluji ikishaganda, Striding Edge si mahali pa mbwa, hata awe hodari namna gani. Swirral Edge inaonekana fupi na rahisi zaidi, lakini sehemu yake ya juu ni kali, huganda, na imeshawaangusha watu wengi wakati wa kushuka.

Njia inayofaa ni ya zamani kuliko viatu vyetu vyote. Katika karne ya 19 wageni walipandishwa Helvellyn juu ya migongo ya farasi wadogo. Farasi hapandi jiwe kwa mikono, kwa hiyo njia yake ilitafutwa penye mwinuko ambao miguu minne inauweza. Kutoka Glenridding inapita Greenside, kwenye mgodi wa risasi uliofungwa miaka ya 1960, ikaingia bonde la Keppel Cove, kisha ikapanda kwa kujipinda kama nyoka mpaka kwenye mgongo mkuu wa mlima karibu na White Side, mita 863. Kutoka hapo msafiri anaelekea kusini juu ya mgongo huo, anapanda Lower Man, mita 925, na hatimaye kilele chenyewe. Ziwa Ullswater liko nyuma ya bega la kushoto, Thirlmere chini upande wa kulia, na Red Tarn huonekana kwa juu, bila mbwa kuikaribia. Hilo la mwisho ni faida kubwa. Ziwa dogo lililoganda nusu humwita mbwa aingie acheze, na barafu ikimkatikia, bwana wake hushawishika kumfuata.

Njia hii nayo ina siku zake mbaya. Mapindi ya Keppel Cove yako upande wa mashariki, kwa hiyo baada ya theluji nyingi iliyosukumwa na upepo yanaweza kufukiwa na kuwa hatari kama kwingineko. Siku kama hiyo ni afadhali kuanzia Thirlmere, ambako upepo umekwisha kufagia.

Hesabu ya muda nayo haina huruma. Mwaka 1892 Mskoti William Naismith alitoa kanuni ambayo, kwa vipimo vya leo, inasema: saa moja kwa kila kilomita 5, na saa moja zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Njia ya farasi, kwenda na kurudi, ni takriban kilomita 16 na mita 900 za kupanda. Huo ni muda wa saa 4 na dakika 42. Lakini Naismith alikuwa akimhesabia mtu mwenye afya anayetembea pakavu bila kupumzika. Theluji ya magotini, kuvaa na kuvua kramponi, kumsafisha mbwa nyayo, yote hayo yanadai angalau nusu ya muda huo juu yake, na jumla inakuwa saa 7 na dakika chache. Mwishoni mwa Desemba jua huchomoza huko karibu saa mbili na nusu asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi jioni. Mchana mzima hauzidi sana saa saba na dakika ishirini. Kwa hiyo anayesubiri jua litoke ndipo afunge kamba za viatu amekwisha kuutumia muda wake wote wa akiba. Wanaoijua kazi hii hutembea saa ya kwanza kwa tochi ya kichwani, mpaka Greenside, ambako barabara ya mgodi ni pana na haipotezi mtu. Mbwa huvalishwa taa ndogo shingoni.

Kabla ya hayo yote, jioni ya siku iliyotangulia, kuna taarifa ya kusoma. Mamlaka ya hifadhi ya taifa ya Lake District ina watu wake ambao msimu wa baridi hupokezana kupanda Helvellyn kila siku, mvua inyeshe au tufani ivume, ili kupima joto, upepo na hali ya theluji kileleni na kuwatangazia wengine. Ni huduma ya thamani isiyo na kifani: mtu ameshika theluji ya mlima ule ule kwa mkono wake, siku ile ile. Tarakimu zake zinasomwa hivi. Hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000, kwa hiyo nyuzi 3 za Glenridding, iliyo karibu na usawa wa Ullswater, zinageuka nyuzi 2 chini ya sifuri kileleni. Upepo wa kilomita 60 kwa saa ukiongezwa hapo, ngozi ya uso inasikia baridi ya nyuzi 11 au 12 chini ya sifuri.

Hesabu hiyo ilitengenezwa kwa uso wa binadamu. Mwili wa mbwa una mambo yake. Joto lake la kawaida ni nyuzi 38 hadi 39, na manyoya makavu humhifadhi vizuri sana. Yakilowa, ulinzi huo huporomoka. Nyayo zake, ambazo wengi huzihurumia kwanza, zina ufundi wa ajabu. Mwaka 2011 watafiti wa Japani walionyesha kwamba ndani ya nyayo hizo mishipa inayopeleka damu ya moto imezungukwa na mishipa inayorudisha damu baridi, na joto huhama kutoka moja hadi nyingine kabla halijapotea kwenye theluji. Ndiyo maana mbwa husimama juu ya barafu ambapo mtu pekupeku angelia.

Shida ya nyayo ni madonge. Theluji yenye unyevu hunata kwenye nywele za katikati ya vidole, huganda, ikawa kama kokoto zinazotanua vidole kila hatua. Mbwa huanza kuchechemea, kisha hulala chini ajitafune. Dawa yake ni kumpunguza nywele hizo usiku wa kuamkia safari, kumpaka nta ya nyayo asubuhi, na kuwa na viatu vya mbwa mfukoni. Si anasa: katika mashindano ya mikokoteni ya theluji ya Iditarod huko Alaska, kanuni inamtaka kila mshindani awe na viatu vinane kwa kila mbwa. Maji nayo abebewe, kwa sababu mbwa anayekula theluji hutumia joto la mwili wake kuiyeyusha. Wakati wa kusimama kula, hata kwa dakika tano, avikwe koti na atandikiwe kipande cha godoro, kwa maana mwendo ndio moto wake.

Bondeni na miteremkoni kuna kondoo wa Herdwick, ambao Januari wana mimba. Kondoo mwenye mimba akikimbizwa anaweza kuiharibu, na sheria ya Uingereza ya 1953 inamfanya mwenye mbwa awajibike mbwa wake anapowasumbua kondoo malishoni. Kamba hapo haina mjadala.

Juu ya mgongo wa mlima, kamba ina kazi nyingine. Msafiri akielekea kusini, shimo liko kushoto kwake. Mbwa atembee kulia. Wakirudi, abadilishwe. Jambo hilo dogo ndilo husahaulika zaidi, na upepo wa kusini-magharibi haulisahau, kwa maana unawasukuma wote wawili kuelekea kibarazani tangu wanapofika hadi wanapoondoka. Njia ya kukanyaga ni hatua nyingi kutoka ukingoni, hata kama nyayo za watu wengine zimekwenda karibu zaidi.

Kilele chenyewe kinadanganya kwa utulivu wake. Tarehe 22 Desemba 1926 John Leeming na Bert Hinkler walitua na ndege juu yake, kisha wakaruka tena. Hivyo ndivyo palivyo tambarare. Ukungu ukishuka juu ya theluji, ardhi na mbingu huwa rangi moja, na mguu hauhisi mteremko wowote wa kuuonya mpaka umechelewa. Pana kibanda cha mawe chenye umbo la msalaba, kisicho na paa, ambapo mtu huchagua pembe isiyo na upepo. Hatua chache kutoka hapo, karibu na ukingo, lipo jiwe la kumbukumbu ya Gough na Foxie, lililosimamishwa 1890. Hali ikiwa mbaya, mwenye mbwa hugeuza kibandani bila kuliona.

Akiumia mbwa, nani atambeba? Mwezi Julai 2020, kwenye Scafell Pike, mlima mrefu kuliko yote ya England, Daisy, mbwa wa aina ya St Bernard mwenye kilo 55, aligoma kushuka kwa maumivu ya miguu. Watu 16 wa kikosi cha kujitolea cha Wasdale walitumia saa tano kumteremsha kwa machela. Hicho kilikuwa kiangazi, mchana mrefu. Kwa hiyo uzito wa mbwa huingia katika mpango tangu nyumbani: mkanda wa kifuani wenye mshikio mgongoni humwinua juu ya jiwe, na mbwa asiyeweza kuinuliwa na watu waliopo achaguliwe njia isiyo na jiwe la kumwinulia.

Kurudi kunaanza kabla ya saa saba mchana, kileleni pamefikiwa au hapajafikiwa. Lower Man, White Side, kisha mapindi ya Keppel Cove, ambapo mbwa aliyechoka huanza kukata kona na kuvuta kamba. Hapo mwendo hupunguzwa, kwa sababu magoti ya mtu na mabega ya mbwa huumia zaidi kwenye mteremko kuliko kwenye mwinuko. Penye Greenside giza likiwa linaingia, glavu huvuliwa, nyayo nne zikakaguliwa moja moja kwa vidole vitupu: madonge, mikato, kucha zilizopasuka. Kisha taa ya shingoni inawashwa tena, na kilomita mbili zilizobaki za barabara ya mgodi zinaelekea kwenye taa za Glenridding.