Mkono Unaotoa Sauti

Video ya muziki wa roki ina ada zake, na mtazamaji huzitambua kabla mwimbaji hajafumbua kinywa. Bendi inapiga katika ukumbi usio na watu, taa zinawaka nyuma ya vichwa vyao, moshi unatambaa sakafuni, na kamera inashukia vidole vya mpiga gitaa pale hasa solo inapoanza. Wapo wanaoziona ada hizo kuwa mazoea matupu. Mimi naziheshimu. Kamera ikiufikia mkono wakati uleule mkono unapotoa sauti, sikio husikia zaidi. Besi iliyokuwa imezama redioni chini ya magitaa huibuka mara tu unapoziona nyuzi zake nene zikitikisika.

Kazi huwa ngumu pale sauti inapokosa mkono. Mwaka 1975 Queen walikuwa na wimbo wa karibu dakika sita, “Bohemian Rhapsody”, wenye sehemu ya opera katikati: sauti za Freddie Mercury, mzaliwa wa Unguja, za Brian May na za Roger Taylor, zilizorekodiwa tabaka juu ya tabaka mpaka watu watatu wakawa kwaya nzima. Sehemu hiyo haikuimbika jukwaani. Katika maonyesho bendi ilitoka na kuiachia kanda kazi. Mwongozaji wa video angeonyesha nini hapo?

Bruce Gowers aliipiga video hiyo kwa saa chache tu huko Elstree, Uingereza, ambako bendi ilikuwa ikifanya mazoezi ya ziara. Aliwavua wanamuziki vyombo na hata viwiliwili. Akabakiza nyuso nne gizani, mwanga ukizishukia kutoka juu, zimepangwa umbo la almasi kama zilivyokuwa kwenye jalada la albamu ya Queen II, lililopigwa picha na Mick Rock. Sauti zinapozidi, nyuso nazo zinazidi, kwa sababu ya kioo chenye pande nyingi kilichowekwa mbele ya lenzi. Neno linapojirudia, uso wa Mercury nao unajirudia na kuyoyoma gizani: kamera imeelekezwa kwenye skrini inayoonyesha picha ya kamera hiyohiyo. John Deacon, mwanabendi wa nne, hakuimba katika rekodi, lakini uso wake upo, nami naona ilikuwa lazima uwepo. Ukiuondoa, almasi inavunjika na kwaya inabaki na pengo. Kisha opera inakatika, gitaa linalipuka, taa za jukwaa zinawaka, na mikono yote inarudi kwa mpigo mmoja. Mabadiliko hayo yamo ndani ya wimbo, ila ni Gowers aliyetufanya tuyasikie mwilini.

Waliomfuata walipanua ufundi huo. Samuel Bayer, akiwapiga picha Nirvana mwaka 1991, aliijaza studio iliyopambwa kama ukumbi wa michezo wa shule mwanga wa rangi ya vumbi, na gitaa la Kurt Cobain likasikika na vumbi lilelile. Ila anayenishangaza zaidi ni Michel Gondry katika “The Hardest Button to Button” ya The White Stripes, mwaka 2003. Katika mitaa ya New York, kila mpiga dramu Meg White apigapo, seti nyingine ya dramu inachomoza mbele yake naye amekwisha kuikalia. Seti hizo ni za kweli, zimepangwa moja baada ya nyingine na watu wenye subira. Zima sauti kabisa, na bado utayahesabu mapigo yote kwa macho.