Kurudi si kwenda nyuma: Dosari katika tafsiri ya amri za kompyuta

Majuzi nilisoma tasnifu ya mwanafunzi wa uzamili aliyetafsiri kwa Kiswahili amri za kihariri cha msimbo, yaani programu ambamo watayarishaji wa programu huandikia kazi zao. Aliteua Visual Studio Code, iliyotolewa na Microsoft mwaka 2015. Kazi yenyewe ilikuwa safi, ila sura moja ilinikera: ile inayohusu njia za mkato za kibodi, hasa zile za kuhama kutoka sehemu moja ya msimbo hadi nyingine.

Naanza kwa kukiri. Istilahi nyingi zilizonikera alizitoa katika faharasa niliyoiandaa mwenyewe miaka mingi iliyopita kwa ajili ya wanafunzi wangu. Kwa hivyo, uhakiki huu unanihusu mimi pia.

Tuchukue mfano. Una faili ya mistari 500. Ukiwa kwenye mstari wa 412 unakutana na jina ‘kokotoaKodi’, nawe hujui linafanya kazi gani. Unabonyeza F12 na papo hapo unajikuta kwenye mstari wa 38, jina hilo lilikoanzishwa. Ukishasoma na kuelewa, unabonyeza Alt pamoja na mshale wa kushoto, kama kompyuta yako inatumia Windows, nawe unarejea pale pale kwenye mstari wa 412.

Amri hii ya pili mwanafunzi aliiita ‘Nyuma’, akifuata faharasa yangu. Ala! Kutoka mstari wa 38 hadi wa 412 ni kwenda nyuma? Katika matini huko ni mbele, tena mbele sana! Anayeanza kujifunza akiona ‘Nyuma’ atatarajia kupelekwa mstari wa 37.

Kiingereza kina neno moja linalobeba maana zote mbili: kurejea ulikotoka na kuelekea upande wa kisogoni. Kiswahili huzitenganisha. Mtu aliyetoka Nakuru kwenda Nairobi, kisha jioni akashika njia ya Nakuru, hatusemi anakwenda nyuma. Tunasema anarudi. Anayekwenda nyuma ni dereva wa matatu anayepiga rivasi stejini. Amri hiyo basi ni ‘Rudi’. Nayo ile ya mshale wa kulia, ambayo baada ya kurudi hukupeleka tena mstari wa 38, haiwezi kuwa ‘Mbele’. Ni ‘Nenda Tena’.

Dosari ya pili ni ya F12 yenyewe, iliyotafsiriwa kuwa ‘Nenda kwenye Ufafanuzi’. Msomaji wa maneno haya atangoja maelezo kama ya kamusi. Lakini F12 haifafanui lolote. Hukupeleka jina lilikoanzia, basi. Fauka ya hayo, Alt pamoja na F12 hukuonyesha mahali hapo katika kidirisha kidogo bila kukuhamisha ulipo. Mwanafunzi aliandika ‘Onyesho la Awali la Ufafanuzi’. Maneno matano, ilhali tuna ‘Chungulia’! Mtoto yeyote anajua kwamba kuchungulia ni kutazama ndani bila kuingia.

Dosari ya tatu ndiyo iliyonisikitisha zaidi, kwa kuwa inagusa sarufi tunayoifundisha kila mwaka. Kiswahili kina viambishi vitatu vya mahali: ‘po’ ya mahali mahususi, ‘ko’ ya mahali pasipo dhahiri na ‘mo’ ya ndani. Sasa tazama. Ctrl na G hukupeleka mstari ulioutaja wewe mwenyewe kwa nambari, mahali unapopajua. Hiyo ni ‘po’: ‘Nenda Penye Mstari’. F12 hukupeleka usikokujua, kwani mashine ndiyo inayojua. Hiyo ni ‘ko’: ‘Nenda Lilikoanzia’. Ctrl na F hutafuta ndani ya faili uliyoifungua. Hiyo ni ‘mo’: ‘Tafuta Humu’. Sisi tumeandika ‘kwenye’ kotekote, kana kwamba lugha yetu haijui tofauti.

Katika utetezi wake, mwanafunzi alisema kwamba watumiaji wa programu hizi wanajua Kiingereza, hivyo watabahatisha maana. Eti watabahatisha! Kama ni hivyo, tafsiri ni ya nini? Mwaka 2022 Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya (KICD) iliidhinisha mtaala wa usimbaji kwa shule za msingi na za upili. Mtoto wa darasa la tano akibonyeza ‘Nyuma’ na kutupwa mbele mistari mia tatu na ushei, hatailaumu tafsiri. Atadhani kompyuta imemshinda, au Kiswahili hakiwezi mambo haya. Yote mawili ni uongo, na sisi wataalamu ndio tutakaokuwa tumeueneza.

Sipendekezi vitufe vibadilishwe. F12 na ibaki F12, maana vidole vimeshaizoea. Ninachotaka ni kwamba kabla ya kuipa amri jina, mtafsiri aibonyeze kwanza, aone inampeleka wapi. Mimi sikufanya hivyo. Nilitafsiri neno nililoliona kwenye orodha, wala si tendo.

Tasnifu tuliipitisha kwa sharti kwamba sura hiyo ifanyiwe masahihisho. Mwanafunzi alikubali, kisha akaniuliza kwa adabu: “Na faharasa yako, Profesa?” Nimeanza kuisahihisha, na neno la kwanza kulifuta ni ‘Nyuma’.