'Akufaaye' si 'akufaye': Silabi iliyopotea katika video ya wanafunzi

MWISHONI mwa muhula uliopita nilialikwa na chuo kimoja hapa nchini kuwa miongoni mwa watahini wa miradi ya wanafunzi wa uanahabari. Kila kundi lilitakiwa kumtafuta msanii chipukizi, kuutengenezea wimbo wake video, kisha kuitangaza kazi hiyo kwa bango, kionjo na kurasa za mitandao ya kijamii. Nilitazama video kadhaa alasiri hiyo. Ninayotaka kuizungumzia leo ndiyo iliyonivutia kuliko zote, na ndiyo hiyo hiyo iliyonikosesha usingizi.

Wimbo wenyewe ni wa kijana wa Mombasa anayesimulia masaibu ya mwendeshaji bodaboda. Pikipiki aliyoikopa imetwaliwa na aliyemkopesha, kodi ya nyumba haijalipwa, na marafiki wa barazani wametoweka mmoja baada ya mwingine. Anayebaki ni mchuuzi wa vitunguu katika soko la Kongowea, mtu asiye na kitu ila gunia lake. Huyo ndiye anayemletea unga na kumlipia kodi ya mwezi mmoja.

Wanafunzi waliielewa hadithi hii kwa macho. Kuna picha moja ambayo sijaisahau: mikono ya mchuuzi ikihesabu sarafu juu ya gunia, kamera ikiwa karibu kabisa, uso wake hauonekani. Tunaona kucha zenye udongo na sarafu zinazogawanywa mafungu mawili, moja kubwa na moja dogo. Fungu kubwa ndilo linalotolewa. Hakuna anayelia wala anayekumbatiwa. Vijana wa miaka 21 au 22 waliojua kunyamaza kiasi hicho wanastahili pongezi. Mwanga ni wa jua la asubuhi tu, na uhariri unakwenda na ngoma bila pupa. Kwa kamera ya kuazima na nauli ya matatu, walifanya kazi ya watu wazima.

Kisha kikaja kibwagizo. Msanii amekijenga juu ya methali tunayoijua sote: akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Akaiimba vizuri, kwa sauti iliyokwaruza kidogo. Lakini chini ya picha, katika manukuu, yaani yale maandishi yanayofuata maneno ya wimbo, palitokea: "Akufaye kwa dhiki ndiye rafiki." Chini yake tena palikuwa na tafsiri ya Kiingereza iliyotolewa na programu ya kompyuta, ikimweleza ulimwengu kwamba anayekufa katika taabu ndiye rafiki.

Ukumbi ukaangua kicheko. Kibwagizo kilirudi mara nne, na kila kiliporudi kicheko kilirudi. Hadi mwisho wa video, jirani yangu alikuwa bado anangoja yule mchuuzi wa vitunguu afe.

Kiongozi wa kundi alijitetea haraka: "Mwalimu, hiyo ni makosa ya kuchapa tu. Ni herufi moja." Ni kweli ni herufi moja. Hata hivyo, katika Kiswahili herufi hiyo ni silabi nzima, na silabi ni kiungo cha maana. Tazama 'kata' na 'kataa', 'pa' na 'paa', 'ja' na 'jaa'. Hakuna mzungumzaji wa Kiswahili anayezichanganya jozi hizi akiwa sokoni. Tunazichanganya tunaposhika kibodi.

Neno 'akufaaye' limebeba mambo manne. Kiambishi 'a-' ni cha nafsi ya tatu, yule rafiki. Kiambishi '-ku-' ni wewe unayefaidika. Shina ni '-faa', yaani kuwa na manufaa. Na '-ye' ni kirejeshi kinachomrudia yule rafiki. Neno moja limekusanya watu wawili na uhusiano wao. Ukiondoa 'a' moja, '-ku-' inaacha kuwa wewe na kuonekana kama sehemu ya kitenzi 'kufa'. Aliyesaidiwa anatoweka kwenye sentensi, na aliyesaidia anageuka maiti. Wapenzi wa sarufi watanikumbusha kwamba kirejeshi cha 'kufa' katika muundo huu ni 'afaye', si 'akufaye'. Sikatai. Lakini mtazamaji hana nafasi ya kuchanganua vitenzi wakati maandishi yanapita. Jicho lake huliona 'kufa' na kukimbia nalo.

Isitoshe, kosa hili linapingana na wimbo wenyewe. 'Akufaaye kwa dhiki' ina mizani 8, idadi ambayo malenga wetu wameizoea kwa karne nyingi, na msanii aliipa kila mizani pigo lake. Mkazo wa neno huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo sauti yake ilipanda kwenye ile 'a' ya pili, ile ile iliyofutwa na manukuu. Sikio linasikia mapigo 8, jicho linasoma 7. Yeyote aliyekuwa akihariri video hii huku akiusikiliza wimbo angegundua kwamba kuna pigo lisilo na herufi.

Mwanafunzi mwingine alikuwa na hoja nzito zaidi. "Mwalimu, watu husikiza wimbo, hawausomi." Niliitafakari hoja hiyo nikiwa kwenye matatu nikirudi nyumbani. Abiria wa kando yangu alikuwa akitazama video kwenye simu bila vipokea sauti masikioni, sauti ameizima ili asitusumbue. Alikuwa akisoma. Hivyo ndivyo wengi wetu tunavyozipokea video siku hizi, garini, kazini na kwenye foleni za benki. Kwa mtazamaji wa aina hiyo, manukuu ndiyo wimbo. Na kwa kiziwi, daima hayo ndiyo wimbo.

Katika utangazaji wa video hiyo mambo yalizidi kuharibika. Kundi lilikuwa limeifanya methali ile kuwa hashitegi, kama walivyoiandika, ikiwa na 'a' moja. Ikachapishwa kwenye bango, ikawekwa kwenye kionjo, ikasambazwa katika makundi ya WhatsApp. Aliyeusikia wimbo na kuitafuta methali kwa tahajia sahihi hakukutana na kazi yao, kwa sababu hashitegi hulinganishwa herufi kwa herufi, bila kubahatisha nia ya mwandishi.

Maneno mengine ya bango yalikuwa haya: "Ngoma kali inadondoka hivi karibuni! Penda, gawa, jisajili!" Sina ugomvi na 'ngoma' kwa maana ya wimbo wala na lugha ya vijana. Ugomvi wangu ni kwamba maneno hayo yangeweza kubandikwa kwenye wimbo wowote duniani. Hayana pikipiki, hayana gunia, hayana rafiki. Tena ukimwambia mswahili kwamba ngoma imedondoka, kwanza atauliza kama imepasuka. Wimbo hutolewa, huzinduliwa, na majirani zetu wa Tanzania wanasema huachiwa. Mwishoni mwa video, kijana aliyeiongoza kazi aliandikwa 'mkurugenzi', kana kwamba ana ofisi na katibu. Katika tamasha zetu za drama mtu huyo tunamwita mwelekezi, na kwingine ni mwongozaji. Maneno yapo, ila hayakutafutwa.

Wapo watakaosema ninakuza jambo dogo, na kwamba video huuzwa kwa picha. Nitawajibu kwa kazi ya Kenya inayotajwa kila mara watu wanapozungumzia video zilizosambaa kama moto wa nyikani. Mnamo Machi 2010 kikundi cha Just A Band, ambacho waanzilishi wake walijuana wakiwa Chuo Kikuu cha Kenyatta, kilitoa video ya wimbo "Ha-He". Ilikuwa chini ya mwaka mmoja baada ya nyaya za intaneti za chini ya bahari kufika Mombasa. Video hiyo inaiga kwa mzaha filamu za kimapigano za miaka ya 1970, na picha zake ni za kufurahisha kweli. Lakini kilichoitoa YouTube na kuiweka midomoni mwa watu ni jina la shujaa wake: Makmende.

Neno hilo halikubuniwa na kikundi. Lilikuwa la watoto wa mitaa ya Nairobi wa miaka ya nyuma, lililotokana na tamko la Kiingereza 'make my day' la Clint Eastwood katika filamu ya Sudden Impact ya mwaka 1983. Watoto walilisikia wasivyolielewa, wakalipa silabi za kwao, likawa jina la yeyote anayejifanya shujaa: "Unajidai Makmende?" Kikundi kilikumbuka neno ambalo kizazi kizima kilikuwa nalo akilini. Video ilipotoka, watu hawakuhitaji kuelezwa. Walianza wenyewe kutunga vichekesho kuhusu Makmende kwenye Twitter na Facebook na kubuni majalada ya magazeti yenye sura yake. Vyombo vya habari vya ng'ambo vikaandika habari hizo. Utangazaji huo ulifanywa na wananchi, na nyenzo yao ilikuwa neno.

Kumbuka kwamba picha huhitaji bando. Neno husafiri bure, kwa mdomo, kwa ujumbe mfupi, kwa utani wa barazani. Kundi letu la wanafunzi lilikuwa na kitu kilichozidi Makmende kwa umri na kwa mapana, methali inayojulikana kuanzia Lamu hadi Bukavu. Lingeweza kuwauliza watu swali moja tu mtandaoni: nani alikufaa kwa dhiki? Kila mtu ana jibu, na wengi wangependa kumtaja mtu huyo hadharani. Walikuwa wamekalia dhahabu, wakachapisha "penda, gawa, jisajili".

Hata hivyo, lawama haziwezi kuwaangukia wanafunzi peke yao. Nilipopewa fomu ya kutoa alama, ilikuwa na nafasi ya kamera, mwanga, uhariri, ubunifu, utangazaji na ripoti. Lugha haikuwa na nafasi. Ripoti yenyewe iliandikwa kwa Kiingereza, na Kiingereza chake kilikuwa kimesahihishwa kwa makini, koma kwa koma. Wimbo ni wa Kiswahili, wahusika ni Waswahili, hadhira lengwa ni ya Kiswahili, lakini lugha iliyoogopwa ni ile ya mtahini. Tumewafundisha vijana kwamba Kiswahili ni cha kuimbiwa, na Kiingereza ni cha kufanyia kazi. Kosa la 'akufaye' lilianzia hapo, si kwenye kibodi.

Kwa hivyo nina mapendekezo matatu kwa wanaosimamia miradi ya aina hii. Mosi, maneno ya wimbo yaandikwe kikamilifu kabla ya kamera kuwashwa, na msanii mwenyewe ayasome na kuyaidhinisha. Pili, idara ya uanahabari ibishe mlango wa idara ya Kiswahili, ambao aghalabu uko hatua chache kwenye ujia ule ule, ili manukuu, bango na orodha ya wahusika vipate msomaji wa pili. Tatu, lugha ipewe alama zake kwenye fomu. Wanafunzi ni watu wa busara, hufanya kinachohesabiwa.

Nimetaja msanii kwa sababu yeye ndiye aliyenikosesha usingizi. Alikuwa ameketi nyuma ya ukumbi, katika shati lililopigwa pasi, siku ambayo video yake ya kwanza ilikuwa ikionyeshwa. Wanafunzi watapata alama zao na kuendelea na maisha, yeye atabaki na video hiyo kwenye ukurasa wake na jina lake juu yake. Kicheko kilipotulia alinifuata mlangoni. Hakuwa na hasira. "Mwalimu," akaniambia, "mama akiiona hii atanipigia simu kuuliza nani amekufa."

Wiki iliyofuata kundi lilirekebisha manukuu, nami nikaipandisha kazi yao alama katika uhariri, kwani hiyo ndiyo nafasi pekee niliyoipata kwenye fomu. Video iliyo mtandaoni sasa inasomeka sawasawa. Lakini ile ya kwanza bado inazunguka katika makundi ya WhatsApp. Juzi nilitumiwa na mpwa wangu aliye Kisumu, akiwa ameongeza alama tatu za kicheko.